Nguchiro na Upande wa Kulia

Kale hiyo, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika uji na kugombana na majirani, kulikuwa na mlima wenye njia moja tu ya kwendea kisimani. Njia hiyo ilipita korongoni, katikati ya kuta mbili za mawe: ukuta mmoja mwekundu, mwingine mweusi.

Juu mlimani aliishi Bwana Kifaru. Kila asubuhi alishuka kunywa maji. Chini, kwenye matete, aliishi Bwana Nyati. Kila asubuhi alipanda kwenda kula majani. Na wote wawili walikuwa na tabia moja mbaya: walipita katikati ya njia!

Tu! Tu! Tu! Huyo Kifaru anashuka. Wadogo wanajibana ukutani. Gudu! Gudu! Gudu! Huyo Nyati anapanda. Wadogo wanajibana tena.

Siku moja wakubwa hao wakakutana uso kwa uso.

"Nipishe!" akasema Kifaru.

"Nikupishe wewe? Nipishe wewe!"

Paa! Pembe zikagongana. Huyu anasukuma, yule anasukuma, mpaka jua likafika utosini. Nyuma ya Kifaru ilijipanga foleni ndefu: Mama Kanga na vifaranga vyake, Kobe, Mama Digidigi na mwanawe Chembe. Wote wana kiu, hakuna pa kupita.

Kifaru akarudi nyuma hatua moja apate nguvu. Hakutazama. Ukwato wake ukatua juu ya mguu wa Chembe.

"Mamaaa!"

Mguu ulivunjika, watoto wangu. Jirani yao Nguchiro, yule mdogo mwenye mkia mrefu na miguu isiyotulia, ndiye aliyeufunga kwa vijiti na kamba.

"Shangazi," Chembe akamwuliza huku machozi yakimtoka, "nikipona nitapita wapi?"

Nguchiro akamfuta machozi. Alirudi kwake, akakaa kibarazani akifikiri mpaka chai yake ikapoa.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Kifaru.

"Hodi! Shikamoo, Bwana Kifaru."

"Marahaba. Umekuja kunilaumu kwa ajili ya yule mtoto? Sikumwona! Mimi nina macho kisogoni?"

"La, bwana. Nimekuja kukuonea huruma. Hujasikia anayoyasema Nyati? Eti wewe si mtu wa kulia."

"Si mtu wa kulia? Ndiyo nini hiyo?"

"Bwana, chakula unakula kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Mgeni unamsalimu kwa mkono gani?"

"Wa kulia, bila shaka!"

"Basi na njia ni hivyo hivyo. Mwenye heshima zake hupita upande wa kulia, bega lake karibu na ukuta. Nyati anasema wewe huwezi. Utasahau."

"Mimi nisahau?" Kifaru akanguruma. "Mke wangu, umeyasikia haya?"

"Jana ulisahau kufunga mlango," akajibu mkewe, akikoroga uji.

"Nyamaza! Kuanzia leo ni kulia, kulia, kulia!"

Nguchiro akaaga. Mfyuu! Akapenya kwenye nyufa za mawe, akatokea kwa Nyati, akamwambia maneno yale yale. Ila safari hii msemaji alikuwa Kifaru. Nyati akapiga chini kwato zake.

"Mimi nisiweze kushika kulia? Ataniona!"

Asubuhi hiyo Kifaru akashuka, bega lake la kulia likigusa ukuta mwekundu. Nyati akapanda, bega lake la kulia likigusa ukuta mweusi. Wakapishana bila kugusana hata unywele.

Kifaru akamtupia jicho mwenzake, akacheka kimoyomoyo. "Masikini! Yeye yuko kushoto kwangu!"

Nyati naye akacheka. "Masikini! Tazama alivyotupwa kushoto!"

Jioni Kifaru aliporudi, akasimama katikati ya njia, amechanganyikiwa, akamwita Nguchiro aliyekuwa juu ya ukuta. "Nguchiro! Asubuhi ukuta mwekundu ulikuwa kulia kwangu. Mbona sasa uko kushoto?"

"Umegeuka, bwana. Kulia ni kwako, unatembea nako. Fuata bega lako tu."

"Aaa!" akasema Kifaru, akahamia ukuta mweusi.

Siku nyingine Nyati alimkuta Kobe mbele yake, anajikokota. "Wewe! Tembea au nikurushe!"

"Bwana!" Nguchiro akaita kutoka juu ya ukuta. "Mwenye heshima hamrushi mtu. Tazama mbele kwanza. Kama hakuna anayekuja, sema 'Napita!' kisha mzunguke kwa kushoto, urudi kulia kwako."

Nyati akatazama. Hakuna mtu. "Napita!" Akamzunguka, akarudi.

"Ahsante sana, bwana," akasema Kobe.

Nyati hakuwahi kuambiwa ahsante njiani. Siku hiyo alimtafuta Kobe makusudi, akampita mara tatu.

Mwezi ukaisha. Ndipo wakubwa wale wawili wakakutana kisimani.

"Pole, Nyati," akasema Kifaru. "Naona wamekuweka kushoto."

"Kushoto nani? Mimi napita kulia! Wewe ndiye wa kushoto!"

"Ala!"

Wakaenda korongoni kupima. Huyu akatazama juu, yule akatazama chini. Kila mmoja akagusa bega lake. Kisha kwa pamoja: "NGUCHIROOO!"

Nguchiro akaja, moyo ukimpiga du-du-du.

"Umetudanganya!"

"Nimewadanganya, mabwana. Hakuna aliyemsema mwenzake. Mkitaka kunikanyaga, nikanyageni. Ila niambieni kwanza: mwezi huu mmegongana mara ngapi?"

Wakatazamana. Wakati huo Chembe akapita na kibuyu chake, anachechemea kidogo, amefuata ukuta wa kulia kwake.

"Shikamooni," akasema, akaendelea na safari yake bila kujibana.

Kifaru aliutazama mguu ule mpaka mtoto akapotea kwenye kona. "Mimi ndiye niliyeuvunja," akasema kwa sauti ndogo. "Hata pole sijampa."

Akamfuata kwa haraka, akipaza sauti "Napita! Napita!" ingawa njia ilikuwa tupu.

Nyati akabaki anakuna kichwa. "Kwa hiyo, Nguchiro, nani hasa yuko kulia?"

"Nyote, bwana."

"Nyote?" Nyati akawaza, akawaza tena, halafu akaangua kicheko mpaka kuta zikarudisha mwangwi. Kah! Kah! Kah!

Hadithi yangu imefika, watoto. Kuna nchi ambako magari hushika kulia, na kwetu hushika kushoto, lakini somo ni moja: shika upande wako, ili mwenzako naye afike salama.