Tembo la Wajuzi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na wakwe wa kuwaogopa, Nyati alimposa binti wa Bi Kifaru. Desturi ya nyumba ile ilikuwa moja: mchumba achague mwenyewe tembo la mnazi, jeupe na zuri, alipeleke ukweni. Ukileta baya, huna mke.

Masikini Nyati! Hakuwahi kuonja tembo maishani mwake. Alifunga shilingi kumi kwenye kitambaa, ndizo alizokuwa nazo, akaenda kwa Kindi, mgema mdogo mwenye maneno mengi.

"Hodi! Nataka tembo zuri."

"Karibu, kaka mkubwa! Una ngapi?"

"Kumi tu."

"Ala! Basi lile bora kuliko yote ni kumi kamili!"

Kindi akachupa ndani, chupu! Huko akakuna nazi, kwaru kwaru, akachuja tui, akajaza kibuyu.

Nyati akaonja. Gugu! "Mbona kama tui?"

"Shii! Watu watakusikia! Hili ni tembo la wajuzi. Washamba ndio wanaosema tui."

Nyati akatazama huku na huku. Jitu zima na pembe zake likaona haya mbele ya Kindi! "Aa, nilikuwa nakutania," akasema. "Kali hili!" Akalipa.

Kule ukweni, wajomba walikuwa wamejipanga mkekani. Bi Kifaru akamimina, akanywa. Kisha akaita jikoni, "Enyi! Osheni mchele, mkwe katuletea tui!"

Wajomba wakaangua kicheko, kwa kwa kwa! Masikio ya Nyati yakawaka moto. Aliaibika, wanangu, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama, Kindi kanidanganya!"

"Pole, baba. Kwani hukuonja?"

"Nilionja."

"Ukaona ni nini?"

Nyati akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa mkeka. "Tui, mama. Niliona haya kusema."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Bi Kifaru akamrudishia kibuyu kwa mikono miwili.

"Kama ni kutolijua tembo tu, ningekusamehe. Lakini tui ulilijua, na bado ukatuletea. Nenda salama, baba."

Binti alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nyati akapita karibu naye, asiweze hata kumuaga.

Kuuliza si ujinga, wanangu. Ujinga ni kuumeza ukweli kwa kuogopa kuchekwa.