Shimo Lililofunikwa kwa Karatasi

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja, kibarua kwenye jengo la ghorofa. Alikuwa amemwacha mwanawe kijijini kwa bibi yake, mtoto akiwa bado anatambaa. Sasa bibi alisema kwenye simu kwamba mtoto anatembea, na kila mwanamke anayepita njiani anamkimbilia akimwita mama. Maneno hayo yalimkaa kifuani. Hata akiwa na ndoo ya zege kichwani, alikuwa anaona miguu midogo yenye vumbi.

Jumamosi moja msimamizi akamwambia, "Ghorofa ya pili ikiwa safi kufika saa sita, nakuruhusu. Jumatatu asubuhi uwe hapa. Ruhusa nyingine ni mpaka tumalize zege la juu, mwezi ujao huko."

Alifagia kama anafagia uwanja wa harusi. Katikati ya sakafu palikuwa na shimo lililoachwa kwa ajili ya mabomba, la kutosha mtu kupita. Mbao zake za kufunikia, mafundi walikuwa wamezichukua. Nyingine zilikuwa chini kabisa, na kuzipandisha ni nusu saa. Basi la kwao ni moja tu kwa siku. Akafanya wanavyofanya wengi: akatandaza mifuko mitupu ya saruji, ile ya karatasi, juu ya shimo, akaibana pembeni kwa kokoto, akafagia. Vumbi likaifananisha na sakafu.

Msimamizi akachungulia kutoka kwenye ngazi. "Mama, hapa mtu anakula ugali chini bila sahani. Nenda kamwone mwanao. Mwambie babu yake wa mjini anamsalimu."

Alikuwa ameshakaa kwenye basi, mkoba mapajani, injini inanguruma, alipokumbuka kwamba mchana fundi bomba anapanda na mabomba begani. Huyo haangalii chini.

Wewe ungeshuka? Usijibu haraka.

Alishuka. Akiwa anakimbia kurudi, basi likampita. Akapandisha mbao tatu, akatoa karatasi, akazipigilia mbao juu ya shimo. Hajafuta jasho, fundi bomba huyo anafika, akajikwaa.

"Nani kaweka mbao njiani? Nyie vibarua mnataka kutuvunja miguu."

"Samahani, kaka. Pita tu."

Akapita juu ya mbao, ko, ko, ko, wala hakuuliza chini yake kuna nini. Yule mama akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatoa mkobani viatu alivyomnunulia mtoto. Akavipima kwa kiganja. Mwezi ujao havitamtosha. Akalia.

Najua mnangoja niseme kwamba bibi alitokea getini na mtoto mgongoni. Hakutokea. Jumatatu yule mama alikuwa kazini.

Sisi ni wepesi kukumbuka mbao zilizotukwaza. Lakini leo tumefika hapa wazima, kila mtu kwa miguu yake. Tumepita juu ya mbao ngapi ambazo mtu alizipigilia huku moyo wake uko kwenye basi lililokwisha kuondoka? Tulimwambia nini?

Na sisi tuliofagia vizuri wiki hii, tukasifiwa, hakuna mahali tulipotandaza karatasi? Kama yupo anayepajua pake, na mtu wa kupita pale bado hajafika, asingoje tumalize ibada. Ainuke sasa, aende. Tutamwombea akiwa njiani.