Shtaka la Mtungini

Hapo zamani, watu walipokuwa wakitukanana kwa makaa ukutani, si kwa simu kama ninyi, Sultani Haidari wa Kitopeni alijenga banda la farasi wake mlimani, juu ya kisima cha mtaa wa maskini. Mvua iliponyesha, samadi ikateremkia kisimani.

Mtaani humo akikaa Kibwana Chupaki, hohehahe asiye na mbele wala nyuma, na binti yake mdogo alikuwa kalala hoi kwa tumbo. Basi Kibwana akatwaa kaa, akaandika kwenye ukuta wa jumba la Sultani: "Maji ya kisima yananuka, watoto wanaharisha."

Asubuhi akakuta jibu: "Maji hayanuki, maji huvunda." Wa pili akaandika: "Kinachovunda ni nyama, mjinga we, kasome." Wa tatu akamtaja mama wa wa pili. Ikawa ukuta umejaa hata dirishani, na kisima hakuna aliyekikumbuka. Sultani akiusoma kila anywapo kahawa, anacheka mpaka kilemba kinamwenda upande.

Kibwana akaenda barazani kulalamika. Sultani akamwambia, "Lete shtaka ambalo Maalim Mahadhi hatapata la kusahihisha, nami nitalikidhi papo hapo." Na Maalim huyo alikuwa akisahihisha hata salamu za mkewe.

Kesho yake Kibwana akarudi na mtungi.

"Shtaka li wapi?" akauliza Sultani.

"Limo humu, Seyyid yangu." Akamimina kikombe, rangi ya mchuzi wa dengu, baraza zima likaziba pua. "Haya, Maalim, soma."

"Haya si maandishi."

"Wasahihisha usilolisoma? Piga funda moja tu, kisha utwambie kosa liko wapi."

Maalim akakitazama kikombe, akawatazama wenziwe. Wote wakainamia viatu vyao. "Sioni kosa," akasema taratibu.

Sultani akacheka, akajipiga mapaja. Kibwana akamimina kikombe cha pili, akampelekea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Na hakimu naye husoma kabla ya kuhukumu, Seyyid yangu."

Kikombe kilipomfika Sultani ndevuni, akasema, "Nimekwisha kulifahamu. Hamisheni farasi."

Kisima kikachotwa mpaka kikatoa maji safi, na mtoto akaomba uji. Farasi, kwa kukosa banda, wakafungwa uani chini ya dirisha la Sultani mwenyewe. Ikawa anakunywa kahawa kaziba pua, wala hakutokea msomi hata mmoja wa kumwambia harufu ile huitwaje kwa ufasaha.