Mchezo wa Mlango

Mwalimu wa maigizo alikuwa amechanganyikiwa tangu asubuhi. Wifi yake, mpiga pasi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, ndiye aliyemwomba awafundishe wenzake mchezo kuhusu mlango. Kila zamu ilipoanza, meneja aliufunga kwa kufuli, nao wakabaki ndani na mvuke kama viazi chunguni. Mjamzito mmoja alikwisha kuzirai humo. Kila mkaguzi wa kazi alipokuja, aliukuta mlango wazi, na waliolalamika walifukuzwa.

"Wifi, tumesema mpaka tumechoka," alimwambia. "Labda tukicheza watatusikia."

Sasa siku ya sherehe ya kiwanda ilikuwa imefika. Mkaguzi alikuwa mgeni rasmi, na meneja aliketi kando yake, kichwa kimemvimba kwa sifa. Wifi alitokea amevaa suti, mto umefungwa tumboni, akamwiga meneja kwa mwendo na sauti. Watu walivunjika mbavu. Meneja mwenyewe alicheka hadi machozi. Mwalimu akashika kichwa. Alikuwa amefundisha kudai haki au vichekesho? Na kesho wifi yake angebaki na kazi kweli? Hakujua asimamishe mchezo au auache uendelee.

Wifi alipofika kwenye kufunga mlango, meneja aliruka kitini.

"Sivyo! Unaniaibisha! Mimi sifungi kilegevu hivyo!"

Akapanda jukwaani. Mwalimu akapekua karatasi zake mbiombio. Sehemu hiyo hakuiandika yeye. Meneja akachomoa funguo zake mfukoni.

"Unafunga, unatikisa kufuli, kisha unawaambia, 'Anayetaka hewa akaitafute kwao!'"

Makofi yakalipuka. Mwalimu naye akajikuta anapiga, asijue anampigia nani.

"Na akizidiwa mtu je?" mkaguzi akauliza kwa upole.

"Hata azirai, mzee! Hakifunguliwi kitu mpaka jioni. Kila siku hivyo hivyo, mimi si mzembe!"

Kicheko kikakatika. Mkaguzi akasimama, akanyoosha mkono.

"Nipe hizo funguo."

Meneja akawatazama watu, akazitazama funguo, kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Wifi, hii uliipanga?" mpiga pasi akanong'ona.

"Wapi! Hata mimi sielewi," mwalimu akajibu, huku machozi ya furaha yakimtoka.

Tangu siku hiyo mlango ulibaki wazi, na aliyefukuzwa kazi alikuwa meneja. Hakushtakiwa na mtu. Alijishtaki mwenyewe, tena kwa madaha, mbele ya mgeni aliyemwalika. Hakika, ulimi huponza kichwa.