Fahali Aliyeitoboa Ndege

Aogopaye kupanua tundu halizibi. Jana mlinisikia nikimwambia katibu wa kwaya yenu maneno haya, mkaniuliza nimeyatoa wapi. Methali hii ilianza hivi, wanangu, nami nilikuwapo.

Marehemu mume wangu, Silvesta, alikuwa fundi wa ndege ndogo ya misheni kule Kalembe. Asubuhi moja fahali wa Mzee Lugata aliona sura yake kwenye bati la mkia wa ndege, jinsi lilivyong'aa, akadhani ni fahali mwenzake. Akalitia pembe. Likabaki tundu la kuingia ngumi.

Na ndege hiyo ndiyo ilikuwa impeleke binti wa Lugata huyohuyo hospitali kubwa ya Kabula. Uchungu ulikuwa siku ya pili, mtoto amekaa vibaya, na mafuriko yamekata barabara.

Silvesta akashika mkasi wa bati, akate kwanza kingo zilizochanika kabla ya kutia kiraka. Mimi siku hizo nilikuwa mwembamba, nikatambaa ndani ya mkia na kipande cha chuma, cha kukinga ribiti, zile pini za kushikiza bati, zitakapogongwa kutoka nje. Nikasikia mkasi ukikata, watu wakiguna. Lugata akamwuliza mume wangu kama fahali amemwachia kazi amalizie. Tundu likafika upana wa sahani, Silvesta akasema inatosha, leteni kiraka.

Mle ndani giza, nje jua kali. Nikaona uzi wa mwanga, mwembamba kama unywele, umelipita tundu kwa urefu wa kidole kizima. Nikamwomba Mungu anipe ulimi.

"Baba Spesioza, bado," nikamwita mume wangu. "Ufa umepita hapa."

"Wewe mama, nyamaza," Lugata akafoka. "Mwanangu anakufa, ninyi mnapanua tundu?"

Silvesta akachungulia. "Mzee wangu, ufa huu una miguu. Nikiufunika, utatembea chini ya kiraka, na mwanao yuko angani."

"Na ukizidi kukata, utaliziba?"

"Nisipokata ndiyo sitaliziba."

Lugata akatazama machela ya binti yake. "Haya, kata."

Silvesta akakata duara, pasiwe na kona ya kuanzisha ufa mwingine, mpaka penye bati zima. Kiraka kikawekwa, ribiti zikagongwa, meno yangu yakatetemeka nazo. Saa saba ndege ikapaa, kiwanja kizima vigelegele, nami nimepiga magoti kwenye nyasi nikilia na kucheka. Saa kumi na moja redio ya misheni ikaita: mtoto wa kike, mama mzima. Bwana asifiwe.

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa walitaka Lugata na kaka yake wapeane mikono tu, ugomvi wao wa miaka saba uishe. Lugata akakataa mkono. Akasema kwanza yaulizwe yote, hata yale ya aibu, yatoke. Kaka yake akamwuliza anatafuta nini tena.

"Kiraka kishike," akasema. "Aogopaye kupanua tundu halizibi."