Siwema Aliyenyamaza Shambani

Paukwa! Mbona mnaitikia kama mliofunga? Mimi ndiye mzee, na magoti yanayouma ni yangu. Paukwa! Haya, hiyo sasa ndiyo pakawa.

Basi hapo kale, kale ya kale, dunia ilipokuwa mbichi na ndege wengi kuliko watu, kila mtoto alikuwa na dungu lake. Dungu ni kichanja kirefu katikati ya shamba. Mtama ukiiva, mtoto hupanda juu akapiga kelele kutwa, ndege wasiumalize. Ninyi hamkuamia ndege. Mmepona.

Palikuwa na binti akiitwa Siwema, aliyelelewa na bibi yake. Hawakuwa na mtu mwingine wala shamba jingine. Sauti ya Siwema ilikuwa nene, ya kukwaruza, kama ya mzee aliyeamka sasa hivi. Akiita, "Hao! Hao! Ndege hao!" Kipingu, mvulana wa dungu la jirani, humwiga: "Hooo! Hooo!" Madungu yote yakacheka. Akiita, Kipingu akaiga. Akiita, wakacheka. Usicheke nawe, Tunu, nakuona.

Siku moja Siwema akafunga mdomo. Akapiga makofi, ndege wakamtazama. Akarusha madongoa, wakatoka suke hili wakaenda lile. Akanyamaza, wakala. Akanyamaza, wakala. Mtama wa mwaka mzima, wanangu, chakula cha bibi na mjukuu, unakwenda hivihivi, na mtoto anaona heri njaa kuliko kuchekwa. Hapo mimi huchoka kila ninaposimulia.

Upande wa pili alikuwapo Mashavu, rafiki yake. Alipoona ndege hawanyanyuki, akashuka, akaacha mtama wa kwao, akapanda kwa Siwema.

"We Siwema, umekuwa bubu?"

"Watanicheka."

"Watacheka, ndiyo. Haya, piga kelele."

"Na shamba lenu?"

"Nitachapwa jioni. Piga kelele, bwana!"

Siwema akaita. Kipingu akaiga, watoto wakacheka. Akaita tena, Mashavu naye anaita kando yake. Machozi yanamtoka Siwema, na sauti inatoka. Ndege wakainuka.

Najua mnangoja niseme sauti ile ilifukuza simba, ikaokoa kijiji, Kipingu akaomba radhi. Wapi! Ilifukuza ndege tu, kama sauti yoyote. Kipingu alicheka mpaka akachoka, akakua, akaoa. Mashavu alichapwa kweli. Na nusu ya mtama ilikwisha kuliwa.

Siwema akarudi nyumbani. Bibi yake, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena, alikuwa amesimama mlangoni.

"Bibi, ndege wamekula nusu ya mtama. Nilinyamaza."

Bibi hakuuliza habari za mtama. Alimpapasa uso, akasema, "Tangu asubuhi nimetega sikio. Nasikia watoto wa watu wote, wangu simsikii. Nikasema ameumwa na nyoka, au ameanguka, mpaka nilipokusikia unaita. Mjukuu wangu, ukinyamaza wewe, mimi nitajuaje kama u mzima?"

Basi, wanangu, usiifiche sauti yako kwa sababu ya anayeicheka, yuko anayeingojea. Na ukimwona mwenzio amenyamaza, nenda ukakae naye, hata kama kwenu watakugombeza.

Kisa kimefika mwisho. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi, nikalale nao.