Kwale Mlangoni pa Pimbi

“Kwani sisi tulizaliwa na jabali hili?” Sikitu aliuliza.

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitika vizuri. Sasa sikilizeni.

Hapo zamani za kale pimbi walifika jabalini wakimkimbia chui. Mijusi wakawapisha mapangoni. Basi kila asubuhi, wakiota jua, pimbi waliimba: “Tulikuwa wageni, tukapokelewa.” Waliimba mpaka machozi.

Siku moja nyika ikawaka moto. Sikitu, pimbi kigoli, alikuwa kwenye zamu ya ulinzi. Akamwona Kwale anakuja, puru, puru, bawa limeungua, mwanawe nyuma. Juu, Tai anazunguka.

“Hodi wenyewe. Nisitirini na mwanangu, Tai apite.”

Pimbi walikuwa na desturi: haingii asiye na wa kumjua ndani. Mzee Mchano akatoa pua.

“Nani anakujua humu?”

“Hakuna, mzee wangu. Mimi mgeni.”

“Basi lete anayekujua.”

“Mimi namjua,” akasema Sikitu.

“Tangu lini?”

“Tangu sasa hivi.”

Pangoni wakacheka, kwi kwi kwi. “Huyu kesho atamleta chui, aseme ni shangazi yake.”

Ndipo Sikitu alipouliza swali lile. Wakatazama pembeni.

“Basi mchukueni mtoto tu,” Kwale akasema. “Mimi nitabaki nje.”

“Subiri kidogo, mama. Tunashauriana.”

Wakashauriana. Huyu akasema nafasi finyu. Yule akasema wananuka moshi. Mwingine, mcha Mungu, akasema tuanze kwa sala. Wakainamisha vichwa, wakaomba, tena sala ndefu. Sikitu akachomoka kumvuta kifaranga. Wakamdaka mguu, wakamrudisha ndani. “Adabu, mtoto. Watu wanasali.”

Vuuuu.

Kivuli cha Tai kikapita mlangoni.

Wakasema amina, wakachungulia. Kwale alikuwa palepale mlangoni, peke yake.

“Mmemaliza kushauriana?” akauliza.

Mzee Mchano akakohoa. “Pole, mama. Sasa unaweza kuingia.”

Kwale hakuingia. Akageuka, akashika njia ya majivuni, tapa, tapa, tapa. Sikitu akamtazama mpaka asimwone tena.

Hadithi yangu imeishia hapo, na haina dawa. Mafunzo yake ni haya: mgeni hana wa kumjua, na asiyempokea mgeni asiseme anampenda Mungu. Nawaombeni, wakubwa na wadogo: akibisha mtu hodi, mfungulieni kwanza. Mtamuuliza jina akishakaa.